Boksi la Besi Lisilovunja Mgongo: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinalalamikia uzito. Waliouliza jambo moja tumewajibu pamoja, na waliotaka vipimo tumewapa vipimo.

Hamjambo wahariri. Napiga besi kanisani na kwenye harusi. Boksi langu lina spika 4 za inchi 10, na makanga wakiliona tu wanafunga mlango. Naambiwa siku hizi kuna maboksi ya kilo 15 yenye sauti ileile. Ni kweli, au ni maneno ya wauzaji?
*Msomaji, Umoja*

Ni kweli, ila usitarajie udogo pia. Josef Anton Hofmann, yule mwenye herufi H katika jina la kampuni ya spika ya KLH iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957, ndiye anayetajwa kwa kanuni ambayo hadi leo haijavunjwa: besi ya chini, boksi dogo, na sauti kubwa kwa wati chache. Chagua viwili, cha tatu utakilipia. Lakini tazama vizuri: uzito haumo katika kanuni hiyo. Boksi linaweza kubaki na ukubwa uleule na bado likapoteza nusu ya kilo zake.

Kilo za kwanza zimo kwenye sumaku. Spika ya inchi 12 ya kazi nzito yenye sumaku ya feraiti, ile pete nyeusi nene kama chapati tatu zilizopangwa, huwa na kilo 6 hadi 8. Yenye sumaku ya neodimi na fremu ya alumini huwa na kilo 3 hadi 4 na kitu. Sauti haijui sumaku imetengenezwa na nini; inachojua ni nguvu ya usumaku kwenye mwanya wa koili, ule waya uliozungushwa unaosukuma koni. Kwa hiyo anayekuambia neodimi ina sauti nyembamba anasikia boksi baya, si sumaku. Kasoro zake za kweli ni mbili. Neodimi ya kawaida hupoteza nguvu moja kwa moja ikipita nyuzi 80 za joto hivi, ndiyo maana spika nzuri hutumia daraja la sumaku linalostahimili joto zaidi na kuacha njia ya hewa ya kupoza. Halafu bei: madini yake hutoka China kwa sehemu kubwa, na mwaka 2011 bei ilipaa hadi watengenezaji wengine wakarudi kwenye feraiti kwa muda.

Kilo nyingine zimo kwenye mbao, na hapa ndipo mafundi wetu wanapotupakia mizigo. Chukua boksi la spika moja ya inchi 12 lenye nafasi ya lita 70 kwa ndani. Likijengwa kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ya milimita 18, mbao peke yake ni kilo 15. Likijengwa kwa plaiwudi nyepesi ya milimita 12 na ubao wa mbele wa milimita 18, ni kilo 7 na kidogo. Kilo 8 zimeondoka na hakuna aliyegusa spika.

Sasa kuhusu "sauti ileile". Kinachosukuma hewa ni eneo la koni mara umbali ambao koni inasafiri. Spika 4 za kizamani za inchi 10 zina eneo la sentimita za mraba 1,400 hivi. Zikisafiri milimita 3, zinasukuma sentimita za ujazo 420. Spika 2 za kisasa za inchi 12 zina eneo la 1,060 hivi, lakini zikisafiri milimita 6 zinasukuma 636. Kwa hiyo maboksi 2 mepesi ya spika moja moja yanaweza kulizidi boksi lako kule chini, na kila moja unalibeba kwa mkono mmoja. Yapange moja juu ya jingine, si ubavu kwa ubavu. Spika zikisimama kwa mstari wa wima, walioketi pembeni nao wanasikia noti za juu. Zikilala, sauti ya juu inakwenda mbele kama tochi na kwaya iliyo kando haisikii kitu ila mvumo.

Nimepata spika ya inchi 12 ya neodimi. Fundi seremala wangu wa Gikomba yuko tayari, ila anataka vipimo. Tupeni vipimo kamili na hatua.
*Msomaji, Kasarani*

Kabla fundi hajagusa msumeno, toa maelezo yaliyokuja na spika na usome nambari nne: Fs, Qts, Vas na Xmax. Fs ni mlio wa asili wa koni. Qts inaeleza jinsi koni inavyojizuia isiendelee kutikisika. Vas ni ulegevu wa kingo za koni ukipimwa kwa lita za hewa. Xmax ni umbali ambao koni inaweza kusafiri kabla koili haijatoka kwenye usumaku. Hesabu ya kulinganisha nambari hizi na boksi tunadaiwa na Neville Thiele wa Australia, aliyeichapisha mwaka 1961, na Richard Small aliyeikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yao watu walijenga na kuomba Mungu.

Vipimo vifuatavyo vinaifaa spika ya inchi 12 yenye Fs ya hezi (mitikisiko kwa sekunde) 40 hadi 55, Qts kati ya 0.3 na 0.45, Vas ya lita 50 hadi 90, na Xmax ya milimita 5 au zaidi. Kama Qts yako ni 0.6, usijenge boksi hili. Litakupa nundu: noti moja itavuma na nyingine zitapotea.

Lengo letu ni lita 60 za hewa halisi, na mabomba, yaani njia za hewa kwenye ubao wa mbele, yaliyopimwa yalie kwa hezi 50. Ukubwa wa ndani ni sentimita 38 kwa upana, 46 kwa urefu wa kusimama, 40 kwa kina. Hiyo ni karibu lita 70. Lita 10 za ziada zitaliwa na mabomba (karibu 5), mwili wa spika (3) na mihimili (2). Watu wengi husahau hesabu hiyo ya mwisho kisha wanashangaa kwa nini boksi linalia juu kuliko walivyopanga.

Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4, wa milimita 12, unatoa maboksi mawili. Mwambie fundi akate vipande viwili virefu vyenye upana wa sentimita 45, na katika kila kimoja atoe: vipande 2 vya 40.4 kwa 45 (juu na chini), 2 vya 46 kwa 45 (ubavuni), na 1 cha 38 kwa 46 (mgongo). Ubao wa mbele, 38 kwa 46, utoke kwenye plaiwudi ya milimita 18. Kina cha 45 kinajumuisha 40 za ndani, unene wa ubao wa mbele na wa mgongo, na sentimita 2 za kuingiza wavu mbele usijitokeze.

Chagua plaiwudi kwa mizani, si kwa jina. Ile inayoitwa marine inaweza kuwa nyepesi au nzito kama jiwe kutegemea mti uliomo ndani. Neno hilo linazungumzia gundi, ambayo haiachii ikilowa, na ubora wa tabaka. Ubao wa milimita 12 wa futi 8 kwa 4 wenye uzito wa kilo 17 au 18 ndio unaoutaka. Ukifika kilo 25, mwachie anayetengeneza kabati za jikoni. Tazama pia ukingo wake: tabaka zikiwa na mapengo meusi katikati, mapengo hayo yatalia baadaye kama nyuki, na ukishafunika boksi huwezi kuyafikia.

Ukingo wa plaiwudi ya milimita 12 haushiki skurubu, unapasuka. Kwa hiyo ndani ya kila pembe weka kijiti cha saiprasi cha sentimita 2 kwa 2, kipigwe gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, kisha skurubu ziingie kwenye kijiti. Gundi ndiyo inayoshika, skurubu ni mikono tu ya kushikilia hadi ikauke. Kwa vijiti vinavyoshika ubao wa mbele na mgongo, acha gundi ikauke saa 24 kabla ya kufunga chochote kizito.

Sasa mihimili, ambayo ndiyo siri yote ya boksi jepesi. Ugumu wa ubao hukua kwa kipeo cha tatu cha unene: milimita 18 ni ngumu kuliko 12 kwa zaidi ya mara 3. Ukipunguza unene bila kulipa deni hilo, kuta za boksi zitacheza ngoma zenyewe, na nguvu iliyokusudiwa kutoka kwenye koni itaishia kutikisa mbao. Unalipa kwa kufupisha nafasi isiyoshikwa: ukuta ukigawanywa katikati na mhimili, mlio wake hupanda hadi karibu mara 4, mbali na noti nzito. Chukua saiprasi ya sentimita 4 kwa 2.5. Mhimili mmoja utoke ubavu hadi ubavu, nyuma ya sumaku, kama sentimita 22 kutoka ubao wa mbele. Wa pili usimame kutoka chini hadi juu, ukipita kati ya mabomba. Wa tatu uunganishe makutano ya hiyo miwili na mgongo. Vyote vitatu vishikane kwa gundi pale vinapokutana. Usiiweke katikati kabisa. Isogeze sentimita 2 ili pande mbili za ukuta zisiwe na mlio mmoja.

Mabomba ni PVC ya kijivu ya maji taka, inchi 4, inayouzwa kwenye kila hadwea. Kipenyo chake cha nje ni milimita 110 na cha ndani karibu 104, lakini pima lako kwa sababu unene hutofautiana. Hesabu ya urefu kwa sentimita ni hii:

Urefu = (23,562 × D × D × idadi ya mabomba) ÷ (F × F × V) − (0.732 × D)

D ni kipenyo cha ndani kwa sentimita, F ni mlio kwa hezi, V ni lita halisi. Kwa mabomba 2, hezi 50 na lita 60 unapata sentimita 26.4, ukihesabu pamoja na unene wa ubao wa mbele. Mtu atauliza kwa nini asitumie bomba moja, ambalo kwa hesabu hiyohiyo lingekuwa na sentimita 9.4 tu. Kwa sababu hewa ileile ingepita kwenye nusu ya nafasi, kwa kasi maradufu, na boksi lingepumua kwa kelele kama pampu ya baiskeli kila unapogonga noti ya chini. Mdomo wa ndani wa bomba uachwe mbali na mgongo kwa angalau kipenyo kimoja. Hapa inabaki zaidi ya sentimita 13, inatosha. Kata mabomba yakiwa marefu kwa sentimita 2 ili uyapunguze baada ya kupima, kwani kuwa karibu na sakafu ya boksi hushusha mlio kidogo na hesabu haijui hilo.

Tundu la spika usilikate kwa kukisia. Nyingi za inchi 12 hutaka sentimita 28 hadi 28.4, ila fuata maelezo ya spika yako. Funga kwa bolti na nati zenye meno zilizopigwa kwa nyuma ya ubao, si skurubu za mbao. Skurubu hulegea baada ya miezi michache ya mtikisiko na ndipo unasikia mlio usiojua unatoka wapi. Kati ya fremu na ubao weka utepe wa sponji. Mgongo na ubavu mmoja uvike pamba ya mito yenye unene wa sentimita 3 hivi, bila kuziba mabomba. Waya ya ndani iwe ya milimita za mraba 1.5 au 2.5, na tundu la nyuma liwe la Speakon, plagi ya spika inayojifunga: waya chanya kwenye 1+, hasi kwenye 1−. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha hizo, chanya kwa chanya, kwa sekunde moja. Koni ikiruka nje, umepatia. Ikiingia ndani, geuza waya. Kosa hilo halisikiki boksi likiwa peke yake, lakini ukiliunganisha na jingine besi inayeyuka.

Mwisho ni kupima. Pakua kwenye simu programu inayotoa mlio wa hezi unazochagua, ipitishe kwenye amplifaya kwa sauti ya chini, na uguse koni kwa ncha ya kidole huku ukishuka polepole kutoka hezi 70. Mahali ambapo koni inakaribia kutulia na upepo unatoka kwenye mabomba kwa wingi ndipo boksi linapolia. Ikiwa ni hezi 47, kata mabomba. Kwa urefu huu sentimita 1 hupandisha chini ya hezi 1, kwa hiyo huna haja ya kuogopa msumeno.

Kwa jumla: mbao kilo 7, mihimili na vijiti kilo 1, spika 3.5, wavu, kishikio, miguu ya raba na tundu la nyuma 1.5 hadi 2. Unatembea na kilo 13 au 14. Ukilivika zulia au reksini ongeza kilo moja. Rangi ngumu ni nyepesi zaidi, ingawa inachubuka.

Fundi wangu anasema bila MDF hakuna besi. Ananidanganya?
*Msomaji, Kawangware*

Hakudanganyi, anazungumzia spika za sebuleni. MDF ni tulivu na inakatika vizuri, na spika isiyohama haijali uzito. Ila ikishalowa hufura na hairudi tena ilivyokuwa, kona zake huvunjika ikianguka, na skurubu iliyofunguliwa mara tano haishiki tena. Boksi linalopanda matatu kila wikendi halifai kuwa la MDF hata kama lingekuwa bure.

Luthuli Avenue nimeona subwoofer ya gari, inchi 12, imeandikwa wati 1,200, bei nusu ya spika ya besi. Mbona nisiweke hiyo?
*Msomaji, Rongai*

Kwa sababu ya nambari ambayo haikuandikwa kwa herufi kubwa: usikivu, yaani desibeli zinazotoka kwa wati 1 ukisimama mita 1. Subwoofer za gari nyingi ziko karibu 87. Spika ya besi au ya ukumbi ya ukubwa huohuo huwa karibu 98. Tofauti ya desibeli 11 ni nguvu mara 12 na nusu. Yaani kile ambacho spika ya besi inafanya kwa wati 100, subwoofer itakudai wati 1,250, na amplifaya yako huenda ina 300. Ndani ya gari haina shida; gari ni chumba kidogo kilichofungwa na kinasaidia noti za chini. Ukumbi wa kanisa hausaidii.

Pili, koni yake nzito haipandi. Besi ya benga inaishi katikati, pale vidole vinapozungumza na gitaa la solo, na subwoofer inakufa mapema kabla ya kufika huko. Utasikia mtetemeko bila noti. Tatu, nyingi zina omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 4 au koili mbili za omu 2, na amplifaya ya besi inaweza kukasirika. Halafu ile 1,200 ni ya kilele cha sekunde moja, kama si ya ndoto. Ukitaka kujua wati za kweli muulize muuzaji kipenyo cha koili: spika ya wati 300 za kudumu huwa na koili ya inchi 2 na nusu au 3. Asipojua, nenda duka la pili.

Ukikosa spika ya besi, tafuta ya ukumbi, ile ya besi na sauti ya kati, kutoka kwa watengenezaji wanaochapisha nambari zote: Eminence wa Marekani, Celestion wa Uingereza, B&C na FaitalPRO wa Italia, Beyma wa Uhispania. Iliyo na jina kubwa na nambari hakuna, hata ikiwa imefungwa kwenye sanduku la dhahabu, ni bahati nasibu.

Amplifaya yangu imeandikwa omu 4 kama kiwango cha chini. Nina boksi la omu 8 na nimeazimwa la omu 4. Naweza kuyaunganisha yote?
*Msomaji, South B*

Hapana. 8 na 4 kwa pamoja ni omu 2.67. Amplifaya itajizima ukiwa na bahati. Na hata kama ingestahimili, boksi la omu 4 lingevuta nguvu mara mbili ya mwenzake. Mawili ya omu 8 ndiyo yanayotoa 4, kwa hiyo ukijenga boksi moja leo na unapanga la pili baadaye, nunua spika ya omu 8 tangu mwanzo.

Na kwa kuwa tumefika hapo: ile waya ya gitaa usiitumie kuunganisha boksi hata kama plagi inaingia. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa kupitisha mawimbi madogo. Kwa mzigo wa spika hupata moto. Kwenye amplifaya nyingi nyepesi za kisasa pia, ncha zote mbili za kutokea spika zina umeme, kwa hiyo ile ya nje ya plagi ikigusa chuma cha amplifaya nyingine unaweza kuiua.

Nimejengewa boksi zuri tu, lakini nikigonga waya wa tano, ule wa B, linakoroma. Nirudishe spika?
*Msomaji, Kayole*

Usirudishe bado. Kukoroma kuna asili nyingi, na spika ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Anza kwa kutofautisha. Cheza kwa sauti ndogo kabisa. Ikikoroma hata hapo, ni kitu kilicholegea au hewa inayovuja: wavu, kishikio, waya ya ndani inayogonga koni, tundu la nyuma lisilozibwa. Tumia ile programu ya mlio, pita polepole kutoka hezi 40 hadi 200 na ubonyeze kila sehemu kwa kiganja hadi inyamaze. Uvujaji utaushika kwa ukanda mwembamba wa tishu ukiupitisha kwenye viungo. Mahali tishu inapotikisika, paka gundi kwa ndani.

Ikiwa inakoroma kwa sauti kubwa tu, na kwa noti za chini tu, basi koni inasafiri kupita kiasi. Waya wa B hulia kwa hezi 31, na wa E kwa 41. Boksi lenye mabomba linaishika koni vizuri karibu na mlio wake, tuseme 50, lakini chini ya hapo hewa inaingia na kutoka bila kizuizi na koni inabaki kama mlango usio na bawaba. Kila ukishuka oktava moja kwa sauti ileile koni inatakiwa isafiri mara 4. Kwa hiyo unaweza kuharibu spika ya wati 400 kwa wati 150 tu.

Dawa ni kichujio kinachokata noti za chini kabisa, kilichowekwa kwenye hezi 35 au 40. Amplifaya nyingi mpya zinacho. Kama yako haina, kuna vidogo vya kukanyaga. Watu huogopa kwamba B itapotea. Haipotei, kwani sikio hulitambua noti kwa sauti zake za juu, hasa ile ya hezi 62, na hiyo boksi lako linaitoa. Pia rudisha kile kitufe cha besi katikati. Kukipandisha kwa desibeli 10 ni kuomba nguvu mara 10 kule ambako boksi halina kitu cha kutoa, na ndivyo spika nyingi za kanisani zinavyokufa: kuna mtu alitaka kusikia kwa kifua.

Ukishafanya yote hayo, sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa, kwa amplifaya iliyozimwa. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Hapo sasa irudishe.

Lazima niweke twita?
*Msomaji, Githurai*

Twita ni ile spika ndogo ya noti za juu. Kwa rumba, zilizopendwa na benga, si lazima. Spika nzuri ya inchi 12 hufika kilohezi 3 hivi na kidole kinasikika. Kwa anayegonga nyaya kwa kidole gumba, au injili ya kisasa yenye nyaya mpya zinazong'aa, ndiyo. Weka na kitufe cha kuipunguza. Twita isiyozimika inakuonyesha kila mkwaruzo wa vidole na kila mvumo wa umeme wa ukumbi.

Nilikuwa Mombasa, nimehamia Nairobi. Boksi lilelile, amplifaya ileile, lakini naona limepoa. Ni masikio yangu?
*Msomaji, Pipeline*

Si masikio peke yake. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya sita. Koni inasukuma kitu chepesi zaidi, kwa hiyo unapoteza kama desibeli moja na nusu kwa mwendo uleule. Kuirudisha kunadai nguvu karibu mara moja na nusu. Mlio wa mabomba haubadiliki, kwani unategemea kasi ya sauti, na kasi hiyo hufuata joto la hewa, si urefu wa mahali, usikate kitu.

Hata hivyo desibeli moja na nusu ni ndogo. Tunashuku zaidi mahali ulipoliweka. Boksi lililosimama katikati ya jukwaa limepoteza msaada wa ukuta. Lisogeze hadi ukutani, na ukiweza kwenye kona, kabla hujanunua wati mpya.

Sijengi, nanunua lililotumika. Nitazame nini?
*Msomaji, Ngara*

Nenda na besi yako, waya yako, na kipima omu cha bei nafuu. Boksi la omu 8 lisome 5.5 hadi 7. La omu 4 lisome 3 na kitu. Likisoma sifuri au lisisome kabisa, koili imekufa. Boksi la spika nyingi likisoma maradufu ya kilichoandikwa, moja au mbili hazifanyi kazi. Weka sikio karibu na kila moja.

Lipandishe mkononi. Lililoandikwa "jepesi" lenye spika moja ya inchi 12 na kilo 25 lina feraiti na MDF, na bei yake iwe ya feraiti na MDF. Fungua spika kama muuzaji anakubali, na akikataa jiulize kwa nini. Mara nyingi spika ya asili ilikwisha kuungua na ikawekwa nyingine isiyolingana na boksi. Kagua kingo za koni zilizo za sponji, kwani hulika zenyewe kwa umri, ilhali za kitambaa hudumu. Gonga kuta kwa kifundo cha kidole: mlio mfupi mkavu ni mihimili, mlio wa debe ni ukuta mtupu. Ukuta mtupu unarekebishika kwa kipande cha saiprasi na gundi ya jioni moja, kwa hiyo usilikimbie boksi kwa sababu hiyo. Litumie kupunguza bei.